Tairi Pana za Vahwere

Bunia, tarehe 5 mwezi wa tatu 1978

Kwa Mjomba wangu mpendwa Katsuva,

Nakusalimu kwa mikono miwili katika jina la Bwana. Ikiwa barua hii itakukuta mzima pamoja na mkeo Mama Adeline na binti yenu Viviane, nasi tutafurahi. Huku tunapumua. Mama amekonda lakini anakula. Kahawa ya mwaka huu imejaa depo mpaka mimi karani nakaa juu ya gunia kuandika hesabu za magunia mengine. Mvua imeanza mapema, na kila Jumamosi tunafyeka majani ya kando ya njia kwa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kama watu wote.

Jambo dogo kwanza. Usiandike tena Hippolyte juu ya bahasha. Mtu wa posta aliishika barua yako, akacheka, akasema: "Hippolyte ni nani? Huku siye tuko na citoyen Kamate tu." Serikali imekataza majina ya ubatizo, tunaitwa raia kwa majina ya kwetu tu, basi hilo tuliache nyumbani kwa sasa.

Sasa neno lenyewe. Tarehe 25 ya mwezi uliopita tuliondoa matanga ya Yaya Vahwere, kaka yangu mkubwa. Wazee waligawa vitu vyake. Radio ilikwenda kwa Mama, nguo kwa binamu zetu wa Butembo, na gari kwangu. Ndiyo, ile Alfa nyekundu aliyoachiwa na Mgriki wa dukani mwaka 1974, iliyo chini sana mpaka ukikaa ndani unasalimiana na mbuzi uso kwa uso. Hubert fundi ameinyoosha. Ukiitazama, huwezi kujua kwamba iliacha njia kwenye mteremko wa Bogoro, kona ya tatu, Yaya akiteremka kwenda Tchomia peke yake na mvua inanyesha. Ilianguka ikasimama kwa magurudumu yake. Ni kifua chake tu kilichopiga usukani.

Lakini desturi yetu unaijua kuliko mimi. Kitu cha marehemu hakiguswi mpaka mjomba wake aseme neno, na atume kitu kipya cha kufungwa juu yake, ili marehemu ajue kimepita katika mkono wa haki. Kwa shati ni kifungo. Kwa jembe ni mpini. Kwa gari wazee walibishana nusu saa, mmoja anataka honi, mwingine anataka kitambaa cha kiti. Mama ndiye aliyemaliza: "Gari iko inatembea na miguu yake. Katsuva alete pneu."

Basi, Mjomba, naomba neno lako, na tairi nne. Nataka zile pana, deux cent cinq, yaani 205, kama ulizomtumia Yaya mwaka jana pamoja na janti, zile rimu zake. Zile zake bado ziko, zimelika kidogo, ila si kitu kipya. Bunia nzima ilimjua kwa zile tairi. Nikipita na mimi nijulikane.

Mama anakusalimu sana. Anasema hujamwandikia tangu kilio.

Ni mimi mpwa wako,
Kamate


Nairobi, tarehe 2 mwezi wa tano 1978

Mwanangu Kamate,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Viviane amepita mtihani, sasa anaongea Kiingereza na paka. Mimi nimeng'olewa jino la nyuma, upande wa kulia, natafuna kama mzee. Mvua ndefu ya huku haina huruma, na karakana yetu ya tairi ilijaa watu tangu kabla ya Pasaka kwa sababu ya mashindano ya magari. Nimechoka mgongo.

Nimefurahi kwamba matanga yameondoka kwa amani. Mwambie dada yangu Emerance, mama yako, kwamba nitamwandikia. Kazi tu ndiyo inayonishika.

Neno langu ni hili, ulisome mbele ya wazee: Gari la Vahwere ni la Kamate. Mimi Katsuva, kaka wa mama yao, nimesema.

Kitu kipya kitafika na Étienne, dereva wa lori anayepitia Aru. Tairi nimechagua mimi mwenyewe. Njia zenu ni za udongo na wewe ni kijana, kwa hiyo uendeshe polepole.

Habari za Bogoro ulizoandika zinatosha. Usiniandikie tena habari hizo.

Mjomba wako,
Katsuva


Bunia, tarehe 20 mwezi wa saba 1978

Kwa Mjomba Katsuva,

Nakusalimu. Pole kwa jino. Mama amepata nafuu, sasa anauza samaki wa kukaushwa wa Tchomia mbele ya nyumba, na wateja wanamgombania kwa sababu hajui kupunja. Mtoto wa jirani amezaliwa, wamempa jina la Yaya. Nilienda kumwona. Nilimshika kidogo, nikamrudisha.

Étienne alifika tarehe 2 na tairi zako. Mjomba, nisamehe, lakini nitasema. Nilifungua gunia mbele ya watu kumi na wawili. Hubert alilipima moja kwa kiganja chake, akatazama watu, akasema: "Hii ni cent soixante-cinq, 165 tu. Ni miguu ya mukonda. Mujomba yako amekosea, ao ameona weye uko mudogo." Walicheka mpaka wakashika magoti. Yaya ulimpa tairi za kijana anayependwa, mimi umenipa tairi za gari la masista. Kama nimekukosea, niambie nimekosa nini.

Sikukataa kitu chako, maana desturi ni desturi. Moja nimelifunga nyuma liwe roue de secours, tairi la akiba. Kitu kipya kipo juu ya gari, wazee wameona, wamekubali. Matatu yaliyobaki yako kwenye depo chini ya mkeka. Mbele na nyuma nimerudisha zile pana za Yaya.

Na Mjomba, hapa nitakuambia jambo ambalo nimemwambia Mama peke yake.

Kwenye lami ya mjini, zile mita chache tulizo nazo, gari lilishika chini kama limegundishwa. Nilikata kona ya soko na watu walipiga makofi. Usukani ni mzito, na nikikata sana tairi inakwaruza bati la ndani, lakini hayo ni madogo. Nikatoka mjini kushika njia ya Bogoro, ile iliyochimbwa na malori ya samaki. Nilikuwa nashika usukani sawasawa, katikati. Ghafla ukaenda kushoto wenyewe. Si kwa nguvu. Ulienda kwa upole, kama mtu ameweka mkono wake juu ya mkono wangu.

Unakumbuka ni nani aliyenifundisha kuendesha? Ni Yaya, kwenye njia hiyo hiyo. Kila tulipokaribia shimo aliweka mkono wake juu ya wangu akavuta kushoto, bila kusema neno, macho yake yako mbele. Ni vile vile, Mjomba. Nilisimamisha gari kando nikashikilia usukani muda mrefu. Sikuogopa. Ni furaha iliyonishika, na sioni haya kusema.

Ni mimi,
Kamate


Nairobi, tarehe 11 mwezi wa nane 1978

Kamate,

Wote wazima.

Ondoa zile tairi pana. Funga zote nne nilizokutumia. Usiniulize sababu na usiniandikie habari za mikono. Wafu wamepumzika. Mkono wa Vahwere haumo ndani ya gari.

Nakuambia kama mjomba wako.

Katsuva


Bunia, tarehe 23 mwezi wa kumi 1978

Kwa Mjomba Katsuva,

Salamu. Jana umetimia mwaka mmoja wa kifo cha Yaya. Tulisoma misa, watu walikuwa wengi, masista walileta maua. Tulipika wali na samaki. Jina lako lilitajwa katika maombi, na Mama aliangalia mlangoni kama vile utaingia.

Barua yako fupi niliipata. Nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Mtu anayeambiwa "ondoa, usiulize" ni mtoto wa kunyonya. Mimi nina miaka ishirini na mitano na depo nzima iko mikononi mwangu. Ungetoa sababu, ningeitazama. Hukutoa. Basi zile pana hazijaondoka, na kuna jambo jingine linalozizuia, nalo ni Mama.

Nilipomwambia habari za mkono, hakushangaa. Aliosha miguu, akavaa kitambaa kizuri, akaja kukaa ndani ya gari. Tangu mwezi wa nane kila Jumapili tukitoka kanisani tunashika njia ya Bogoro. Anakaa kiti cha kulia, mkoba kwenye magoti. Anaongea na Yaya. Usukani ukienda kushoto, amekubali. Ukienda kulia, amekataa.

"Vahwere, unasikia njaa kule?" Ukaenda kulia. Mama akashukuru Mungu.

"Vahwere, nimupe binti ya Lucienne wa jirani ile shuka yako?" Kushoto.

"Vahwere, weye unaniona hapa?" Kushoto, Mjomba, kushoto kwa nguvu mpaka tairi ikakwaruza bati.

Ungemwona siku hizo ungefurahi. Amenenepa. Usingizi umerudi. Alikuwa ameacha kuimba, sasa anaimba akigeuza samaki. Mimi nimejifunza kutomsumbua Yaya. Njia ikinyooka naondoa mikono yote miwili, naiweka hapa kwenye mapaja, namwachia. Anaendesha vizuri. Anafuata njia bila kosa, pale lori limepita na yeye anapita.

Mara moja tu tuliogopa kidogo, tarehe 8. Mvua ilikuwa imepiga toka asubuhi. Tulishuka kona ya tatu na gari likaacha kugusa chini. Sijui niseme namna gani. Nilirudisha mikono, nikakata usukani, ukawa mwepesi, haukushika kitu, na tukaenda hivyo upande upande juu ya maji na matope mpaka ukingoni. Gurudumu la mbele lilisimama kwenye jiwe. Chini yetu niliona majani ya migomba, vilele vyake tu. Mimi jasho lilinitoka. Mama alicheka mpaka machozi. "Vahwere alikuwa anapenda kunitisha toka angali mutoto," akasema. "Ile siku alitikisa mutumbwi, unakumbuka?"

Sasa niambie, nitoe hizo tairi nimwambie nini mama yangu? Kwamba mjomba amesema?

Tutakwenda tena Jumapili, mvua ikiruhusu na isiporuhusu.

Ni mimi,
Kamate


Nairobi, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1978

Mwanangu Kamate,

Barua yako ya Oktoba imefika jana kwa mkono wa mtu, kwa sababu vita vya Uganda vimeziba njia na Étienne hajaonekana. Sitaanza na habari za nyumbani. Sina uso wa kusalimu.

Simamisha gari hilo. Kabla hujamaliza kusoma, tuma neno kwa Hubert ainue gari juu ya mawe. Kisha endelea.

Mkono unaousikia ni tairi. Ni kazi yangu ya miaka kumi na minane, naomba uniamini. Tairi nyembamba inaingia ndani ya mfereji uliochimbwa na malori, inakaa humo, inakwenda. Tairi pana haiingii. Inapanda kwenye kingo, ukingo mmoja unaisukuma, na usukani unageuka mikononi mwako. Ikiwa mfereji umekwenda kushoto, nayo itakwenda kushoto. Ndiyo maana unaona linafuata njia bila kosa pale lori limepita. Linafuata lori. Njia ya Bogoro imechimbika upande wa kushoto zaidi, wewe mwenyewe umeiona mara mia. Na ukiongeza mwendo, inavuta kwa nguvu zaidi. Mama yako akiuliza jambo zito, wewe unafanya nini na mguu wako? Jichunguze.

Kwenye matope ni vibaya zaidi. Tairi nyembamba inakata matope mpaka inafika kwenye udongo mgumu. Ile pana inakaa juu. Inaelea. Inashika, inashika, kisha inaachia mara moja bila kukuonya, na usukani unakuwa mwepesi kama ulivyoandika. Nilipofika kwenye neno hilo, "mwepesi", niliiweka barua chini, nikatoka nje, nikatembea.

Sababu ni kwamba nilikuwa nimelisoma tayari. Nakunakilia hapa maneno ya kaka yako, barua yake ya tarehe 19 mwezi wa tisa 1977. Nimeihifadhi kwenye sanduku la vifaa, na Adeline hajui.

"Mjomba, tairi zako ni nzuri kwa macho, hata wasichana wa Irumu wanageuka. Lakini ziko na akili yao. Nikishika katikati, gari linakwenda upande. Na juzi kwenye mvua usukani ulikuwa mwepesi kabisa, nikaona nimekwisha. Nizitoe, ao ni mimi sijui kuendesha? Nijibu mbio."

Aliniomba nijibu mbio. Nilikaa na barua hiyo siku kumi na sita. Kisha nikamjibu mistari miwili. Nilimwambia: "Tairi hazina kosa. Shika usukani kama mwanaume, utazoea."

Usiseme sikujua. Kabla sijamtumia zile pana, karibu na Pasaka ya 1977, nilifungia tairi magari ya mashindano kwa mikono yangu. Siku za jua walitaka pana. Mvua ilipoanza, dereva mmoja baada ya mwingine alikuja kunililia nimpe nyembamba, na nilijua kwa nini, na nilimweleza msaidizi wangu kwa nini, nikichora mavumbini kwa kidole. Mwezi uliofuata nilimtumia mpwa wangu, mtu wa njia ya udongo, tairi pana nne. Nilitaka mji mzima umuulize amezipata wapi, naye aseme kwa mjomba wake wa Nairobi. Na alipoandika, kukubali kwamba hazifai ilikuwa ni kukubali kwamba zawadi yangu ilikuwa ya majivuno.

Telegramu ya kifo ilifika tarehe 27 mwezi wa kumi. Hadi leo sijui kama jibu langu alilipata kabla. Kama alilipata, alishuka ile kona akishika usukani kama mwanaume.

Ulipoomba neno langu, ningeweza kukataa. Lakini mjomba akikataa, wazee wanauliza sababu. Kwa hiyo nilisema "ni la Kamate", nikatuma nyembamba, nikatumaini kwamba mpira utasema yale niliyoshindwa kuyasema. Hii ni barua ya nne kuandika. Tatu nilizichana.

Sijamwandikia Emerance tangu kilio kwa sababu kila nikianza "Dada yangu" mkono unasimama. Usimsomee hii. Nitamwambia mimi mwenyewe, nikipata njia. Lakini wewe ondoa zile tairi leo.

Katsuva


Nairobi, tarehe 20 mwezi wa kwanza 1979

Kamate,

Sijui kama barua ya Novemba imekufikia. Malori hayapiti. Étienne alitokea siku chache baadaye nikampa, sasa amekwama Kampala na barua iko ndani ya mfuko wake, mtu aliyemwona ameniambia hivyo. Nampa hii mfanyabiashara mmoja anayesema atajaribu, simjui.

Natazama kalenda kila Jumapili. Saa mnayotoka kanisani naacha chakula. Adeline ananiuliza ninaumwa nini, nasema jino.

Niandikie neno moja tu kwamba mko wazima.

Katsuva


Bunia, Jumatatu, tarehe 18 mwezi wa sita 1979

Kwa Mjomba Katsuva,

Tuko wazima. Hilo ndilo neno uliloomba, nimelianza nalo ingawa hukustahili kulipata mbio.

Barua zako mbili zilifika siku moja, Jumatatu iliyopita, zote ndani ya mfuko wa Étienne. Mfanyabiashara wako alimtafuta Kampala akamwachia na yeye. Anasema Aru imejaa watu waliovuka kukimbia vita, yeye mwenyewe alivuka kwa miguu. Kilichotuokoa si akili yangu. Essence, mafuta ya gari, ilikosekana hapa toka Noeli mpaka Pasaka, na gari lilikaa chini ya turubai. Kabla ya Noeli tulikwenda kila Jumapili, na baada ya Pasaka tena, mikono yangu ikiwa kwenye mapaja. Nahesabu Jumapili hizo moja moja.

Nilisoma barua yako kwenye depo, juu ya magunia. Nilisoma mara tatu. Nilikuchukia, Mjomba, nakuambia wazi, nilikuchukia siku tatu nzima na sikula vizuri. Kisha nikamwita Hubert, tukatoa yale matatu chini ya mkeka na la nne nyuma ya gari, tukafunga. Hubert alitaka kucheka tena, akanitazama, akaacha.

Alhamisi saa sita mchana nilikwenda Bogoro peke yangu. Gari lilinyooka. Nikishika katikati linakaa katikati. Malori yamechimba vile vile kama zamani, na gari likaingia ndani ya mfereji likatulia humo, wala usukani haukusogea hata kidogo. Nilijaribu mwendo mdogo, nikajaribu mkubwa. Nikaondoa mikono, likaenda tu. Kwenye kona ya tatu nilizima mota, nikasema: "Yaya." Nikasema tena. Kulikuwa na upepo na mbuzi wa mtu fulani.

Kwenye kilio sikulia, watu walinisifu kuwa na moyo mgumu. Kwa miezi ile yote ya usukani sikulia, juu ya nini nilie na yeye yupo? Alhamisi nililia mpaka mwenye mbuzi akaja kuuliza kama nimegonga mtu. Nilimwambia kaka yangu amekufa. Akaniuliza lini. Nikamwambia leo.

Jambo moja nakupa, kwa sababu ni lako. Siku ya nne ya kilio ilifika bahasha kutoka Nairobi yenye jina la Yaya. Hakuna aliyethubutu kufungua barua ya marehemu. Mama aliiweka ndani ya Biblia yake na imekaa humo. Juzi, Mama akiwa sokoni, niliifungua. Ni mistari miwili. Ni ile ya utazoea. Hakuisoma, Mjomba. Alikufa akiwa bado anangoja jibu lako. Sijui kama hiyo ni nafuu kwako au ni zaidi.

Sasa nisikilize hadi mwisho.

Uliniambia nisimsomee Mama, sikumsomea. Nilijiambia Jumapili ataona mwenyewe kwamba gari limenyamaza, na kunyamaza kutamfundisha polepole. Jana alivaa kitambaa cha bluu. Akakaa, mkoba kwenye magoti. Tulipotoka mjini akaanza: "Vahwere, hamujambo kule?" Gari likaenda moja kwa moja. Akangoja. Akauliza habari ya shuka, gari likaenda moja kwa moja. Aligeuza kichwa akatazama usukani, kisha akatazama nje mpaka tukapita shule. Mikono yake ilianza kukunja mkanda wa mkoba, inakunja na kukunjua.

Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo sijaisikia toka alipokuwa mgonjwa: "Mutoto yangu, unanikasirikia? Nimekukosea nini?"

Nilihesabu moja, mbili, tatu. Alikuwa hapumui.

Mjomba, nilivuta usukani. Alikuwa ameuliza kama amekasirikiwa, kwa hiyo niliuvuta kulia, upande wa kukataa, kwa upole, kama alivyokuwa akifanya Yaya, na macho yangu yako mbele. Ni mimi niliyevuta. Mama akatoa pumzi. Akanipapasa goti akasema, "Alikuwa amelala tu," na akaimba njia yote ya kurudi.

Wiki hii nzima nilijiuliza namna gani mtu mzima, mjomba wa watu, anaweza kukaa na ukweli kwenye sanduku la vifaa mwaka mzima, kwa barua na barua, akiandika habari za jino. Sasa najua. Haihitaji ubaya. Ilinichukua kona moja.

Kwa hiyo sikuandikii kukulaumu, wala sisemi nimekusamehe, hilo bado. Nakuandikia uje. Njia imefunguka, Étienne anarudi Nairobi Jumatano, na akija tena huku na lori nafasi iko mbele karibu yake. Yeye ni dada yako. Wewe ndiye unayejua kueleza habari za mifereji na matope, mimi nikieleza nitavuta usukani tena. Uje na ile barua ya Yaya, aione kwa macho yake.

Tulipofika nyumbani jana aliniambia ametayarisha swali la Jumapili ijayo, tarehe 24. Amelibeba tangu siku ya kwanza na hakuwa na nguvu ya kuliuliza, sasa anazo. Anataka kumuuliza Yaya kama alisikia maumivu sana, ao kama alikwenda mara moja.

Najua huwezi kufika kabla ya siku hiyo. Nitamwambia essence imekwisha. Jumapili itakayofuata nitamwambia vile vile, na ile nyingine, mpaka nikuone unashuka kwenye lori.

Mpwa wako,
Kamate